Printa Niliyoijaribu kwa Maji

Mimi sinunui kitu cha rangi bila kukilowesha. Sikuibuni tabia hii. Ni ya wanawake wengi wa Kisangani. Ukipewa kitenge sokoni, unalamba kidole, unasugua pembe ya nguo, halafu unatazama kidole chako. Kikitoka na rangi, unamrudishia muuzaji nguo yake na unamwambia ukweli mbele ya watu. Mwenye haya hununua kitenge kimoja mara mbili. Watoto wangu wanaona aibu kufuatana nami sokoni, nami nawaambia waone tu, mradi nguo zao hazichujuki.

Tabia hiyo ndiyo iliyonichagulia printa ya rangi katika miaka ya vita, na sijajuta hata siku moja.

Nilikuwa na kibanda cha kazi za ofisi karibu na soko kuu, mimi na dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama tunavyoita kwetu. Tulichapa barua za watu kwenye kompyuta, tulitoa nakala, na zaidi ya yote tulitengeneza kadi za harusi na za matanga. Watu hudhani vita huua biashara zote. Vita haikumzuia mtu kuoa, na kufa ndiko kulikozidi. Tatizo letu lilikuwa printa. Tuliyokuwa nayo ilijua rangi nyeusi peke yake, na hata hiyo ilikuwa inaitoa kwa kukohoa. Meli za Kinshasa hazikupanda tena mto. Kila kitu, tangu chumvi hadi karatasi, kilikuja kwa ndege kutoka mashariki, na wenye bidhaa walikuwa wafanyabiashara wa Kivu Kaskazini, watu wa misa ya asubuhi na maduka ya jumla, ambao nadhani hawakupunguza bei hata kwa mama zao.

Aliyetusukuma kwenye rangi ni mama mmoja muuza samaki, wa familia za wavuvi wa kwenye maporomoko. Mwanawe, kijana aliyekuwa akivua pamoja na baba yake, aliuawa na bomu wakati majeshi mawili ya kigeni yalipofanya mji wetu kuwa uwanja wao wa kupigania. Alizikwa nyuma ya nyumba haraka haraka, watu wakiinama kwa kuogopa risasi. Hakuna aliyemwosha. Katika ukoo wao, anayemnawisha maiti uso ni noko, yaani mjomba, kaka wa mama. Noko huyo alikuwa mjini Basoko, upande wa chini wa mto, siku kadhaa kwa mtumbwi, mzee wa miguu mibovu asiyeweza tena kusafiri. Alikuwa ametuma jibu kali: hataondoa matanga ya mtoto ambaye hakuuona uso wake. Na bila neno la noko, matanga hayaondoki. Mama alikuwa bado amevaa nguo nyeusi, bado analala chini, na mtoto wake, kama alivyosema mwenyewe, bado alikuwa amesimama mlangoni, hajaingia wala hajatoka.

Alikuwa na picha moja tu ya kijana huyo, ya rangi: amevaa shati la njano, ameshika samaki, anacheka. Wapiga picha wa mjini hawakuwa tena na dawa za kusafishia picha za rangi, na negativu yake iliungua pamoja na studio. Kuichukua yenyewe mpaka Basoko alikataa. Njiani kulikuwa na mvua, mawimbi, na vizuizi vya askari waliopekua mizigo na kutupa wasichokitaka. Ikipotea, mtoto amepotea mara ya pili.

Tukamtolea nakala kwa mashine yetu. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu hapana mutoto yangu," akasema. "Hii iko kivuli yake."

Alisema kweli. Tulikuwa tumemfanya doa jeusi lenye meno. Moyo uliniuma, na mimi moyo ukiniuma mdomo wangu hukimbia mbele. Nikamwambia, "Mama, uso wa mutoto yako utafika Basoko, na utafika na rangi yake. Ni miye nasema."

Yaya alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Tulikwenda kwa mfanyabiashara mmoja tuliyemzoea, papa mnene, kama tunavyowaita kwetu wanaume wa umri wa baba, mwenye rozari iliyoning'inia kwenye mfuko wa shati. Alikuwa na printa mbili za rangi, ambazo sisi tuliziita imprimante kama kila mtu mjini. Moja ilikuwa ndogo, mpya, nyeupe, inayorusha wino wa maji. Ya pili ilikuwa leza, kubwa kama jiko la mikate, iliyokwisha kufanya kazi katika ofisi fulani ya Kampala, na inatumia wino wa unga. Papa alitaka kutuuzia ile ndogo. Aliifuta vumbi, akaigeuza huku na huku, akaisifu kama anayeoza binti. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikasema moyoni.

Nilikuwa nimebeba disketi yenye kadi yetu ya harusi, ile ya mawaridi mekundu. Akawasha jenereta lake, akachapa kwanza kwa ile ndogo. Karatasi ilitoka iking'aa, na mawaridi utadhani yamechumwa asubuhi hiyo. Yaya alishika kifua. Yaya alikuwa mshonaji kabla hatujaungana kwenye kibanda, na kitu kizuri alikiamini kwa macho tu.

"Ndiyo hii," akasema. "Twende nyumbani."

"Ngoja," nikasema.

Ikaja zamu ya leza. Ilipoanza kupata moto, feni ya duka ilisimama, redio ikanyamaza, na jenereta nje likaanza kuguna. Papa alitikisa kichwa: "Muiangalie. Ile iko na njaa ya courant, ya umeme, mama. Itakula nyumba yenu." Karatasi ilitoka ikiwa na joto. Mawaridi yake yalikuwa mekundu, lakini hayakung'aa.

"Inanuka pasi," yaya akasema kwa dharau.

Nami nikafurahi kusikia hivyo, maana nguo iliyopigwa pasi ndiyo nguo iliyomalizika. Nikalamba kidole. Nikasugua waridi la mashine ndogo, nikawaonyesha kidole. Kilikuwa chekundu kama nimejikata, na waridi lenyewe limekwenda mpaka kwenye jina la bibi harusi. Nikalamba kidole kingine, nikasugua la leza, nikawaonyesha. Kidole kitupu.

"Mama!" Papa alikuja juu. "Hapa siuzake maliputa, bitenge ya kuvaa! Uko unaniharibishia karatasi."

"Papa, rangi ni rangi," nikamjibu. "Uniletee maji."

Hakutaka. Nikayachota mwenyewe kwenye ndoo yake ya kunawia mikono, nikazizamisha karatasi zote mbili. Maji yakawa kama ya kuoshea nyama, na ile kadi yenye kung'aa ikabaki na mawingu. Kadi ya leza niliikung'uta, nikaibandika ukutani ili ikauke. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilimtazama yaya, yaya akatazama pembeni.

Papa akacheka mpaka rozari ikaruka mfukoni. "Bon. Ile ndogo iko ya batu benye climatiseur, benye mashine ya baridi ndani ya nyumba," akasema. "Siye hapa mvua inaingia mpaka ndani ya mufuko."

Nikamuuliza la mwisho, maana umeme wetu ulikuwa unaweza kukatika wiki nzima: je, mashine ikilala bila kufanya kazi, wino hautakauka ndani?

"Ile ya maji itakauka. Lakini unga, poudre, itakauka namna gani, mama? Iko mukavu toka kuzaliwa kwake."

Nilimwapisha kwamba atatuletea unga huo kila atakapopata nafasi kwenye ndege, na kwamba akidanganya tutaonana kanisani Jumapili, mbele ya mke wake. Tulitumia akiba yetu yote, na yaya aliuza cherehani yake. Alikubali kwa hiari, lakini alininunia njia nzima, huku vijana wa mkokoteni wakilalamika uzito wa lile jiko. Mimi nilitembea mbele kama mwenye harusi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na nasema hivyo bila aibu, kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mwanamke alitetemeka.

Leza haikupenda jioni, saa ambazo mji mzima uliwasha majiko na taa zikawa nyekundu. Tulijifunza kuiamsha asubuhi na mapema, umeme wa bwawa la Tshopo ukiwa bado na nguvu. Asubuhi ya kwanza tuliiweka picha ya kijana kwenye skana yetu ya kutolea nakala, tukangoja. Kwanza zilitoka nywele, halafu paji la uso, halafu macho, halafu kicheko chenyewe, na shati la njano, na samaki. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuigusa. Alijifuta mikono yake yenye harufu ya moshi kwenye nguo yake nyeusi, upande huu na upande ule, ndipo akaipokea.

"Iko yeye," akasema.

Ningependa kumalizia hapo, lakini jioni alirudi analia. Alikuwa ameikunja ile karatasi mara nne na kuifunga kwenye fundo la kitenge kiunoni, mahali ambapo kila mwanamke wa kwetu huficha kitu chake cha thamani. Alipoifungua amwonyeshe shemeji, wino ulikuwa umebanduka kwenye kila mkunjo, na mstari mweupe umepita juu ya macho yote mawili. Unga ule hauogopi maji, ila ukiukunja unavunjika kama rangi ya mlango. Nilipandwa na hasira, nikalipiga lile jiko kofi.

"Eh, fundi wa maliputa," yaya akasema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza ya furaha tangu auze cherehani. "Ulinawisha tu, hukukunja." Akaenda kwake, akarudi na bomba la karatasi ngumu, lile linaloviringishiwa kitambaa dukani. "Nguo ya bei haikunjwi. Inazungushwa."

Kulipokucha tukachapa nyingine. Yaya aliizungusha mwenyewe, akaitia ndani ya bomba, akaziba kila upande kwa nta na kipande cha nailoni, kwa utaratibu ule ule aliokuwa akifungia magauni ya harusi. Mama akaondoka na mtumbwi wa shemeji zake, wavuvi wa maporomoko, bomba limefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto.

Siku zikapita. Kila aliyetoka upande wa chini wa mto nilimuuliza habari. Wateja wa harusi walimiminika, mawaridi yetu yalipita mvuani kutoka mkono hadi mkono na hayakuchujuka, na papa wa Kivu alianza kuwaambia wanunuzi wake kwamba jaribio la maji alilibuni yeye. Nilimwacha ajisifu. Lakini kila nilipofunga kibanda nilimfikiria yule mama kwenye vizuizi, na mtu mwenye bunduki akichungulia ndani ya bomba.

Akarudi. Nilimwona kwanza bila kumjua, kwa sababu alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye maua makubwa, na kichwani amefunga kingine cha namna ile ile. Yaya alimtambua kabla yangu, akapiga kigelegele katikati ya wateja. Tukamkalisha, tukampa chai. Alisimulia polepole. Askari walifungua bomba, wakatazama, mmoja akauliza huyu ni nani, akajibiwa ni marehemu, akalifunga tena. Kule Basoko, noko wa kijana aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama. Halafu akaagiza beseni na maji ya mto.

"Batu bote balipiga kelele," mama akasema. "Balimwambia, tata, iko karatasi, itaharibika. Yeye hakusikia. Aliiweka juu ya magoti yake, akatia mukono ndani ya maji, akaanza huku kwa paji, akashuka kwa macho, kwa mashavu, mpaka kwa kidevu. Alinawisha muzuri, polepole. Akapangusa na kitambaa kipya. Akasema, sasa nimemuona, nimemunawisha. Muende muondoe matanga."

Yaya alikuwa ameshaanza kulia. Mimi, kwa aibu yangu, nilikuwa bado na kidole changu cha sokoni. Nilimshika mkono nikamuuliza, "Na rangi, mama? Rangi haikutoka?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ya ng'ambo.

"Rangi gani?" akasema. "Nimekuambia, alimunawisha mutoto."