Samaki Aliyemsahau Mzee

Watu walimwita Dokta, nusu kwa utani, maana alikuwa akipita majumbani kutibu samaki wa mapambo. Na hakuna kilichomchosha roho kama wateja wenyewe. Unawaambia wasiongeze samaki mpya mpaka tiba iishe, wanajitia hamnazo. Unawaambia dawa inaua ile minyoo inayong'ang'ania mashavuni lakini mayai inayaacha, lazima irudiwe, wanaitikia tu. Samaki wakianza tena kujisugua kwenye mawe, wa kulaumiwa nani? Yeye.

Safari hii alikuwa mzee mmoja, fundi saa mstaafu. Tangini alikuwa na samaki mwekundu aliyelelewa na marehemu mkewe. Mzee akigonga kioo mara mbili, samaki huja mbio. Sasa haji.

"Dawa yako imemtoa akili," mzee alisema. "Hanijui tena."

Dokta akameza hasira, akainama kutazama. Samaki aliyemtibu yeye safari iliyopita alikuwa na pengo mkiani. Huyu mkia wake ulikuwa mzima, na alikuwa anajisugua vibaya sana. Dokta akamfuata mkwe wa mzee jikoni.

"Yule alikufa lini?"

Mkwe alizima jiko kwanza. "Juzi. Baba alikuwa amelala, nikakimbia sokoni nikapata anayefanana. Dada, nakuomba, asijue. Hata chakula hali mpaka amlishe yule kwanza."

"Kwa hiyo umeniletea minyoo upya, na jina linaloharibika ni langu."

Mkwe alikuwa analia. Dokta alitamani kupiga kelele. Kazi yake yote ilitegemea jina, na mzee yule alijulikana mtaa mzima.

Sebuleni mzee alikuwa anagonga kioo, anasubiri, anagonga tena.

"Mzee, ni kweli," Dokta alisema. "Dozi niliizidisha. Ila mgongee kila unapomlisha, atakuzoea."

"Nilijua tu. Na watu nitawaambia."

"Waambie."

Akapima dawa, akaimimina, akabeba ndoo yake. Mlangoni alimpa mkwe pakiti ya pili. "Wiki ijayo rudia wewe mwenyewe. Na ole wako ukinunua mwingine."

Nyuma yao mzee alikuwa ameinamia kioo, anaongea kwa upole na samaki aliyeletwa juzi.

"Usiogope, mama," alisema. "Yule mwanamke hakanyagi tena humu ndani."