Urithi wa Upande wa Mama

Kwetu milimani mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba linatoka kwa bibi, linashuka kwa mama, linafika kwa binti, na msemaji wa yote ni mjomba. Baba yangu alikuwa mtu wa kuja, fundi wa kiwanda cha nguo mjini. Kiwanda kilipobinafsishwa akapunguzwa kazi, akapanda mlimani kulima kabichi kwenye shamba la mkewe. Tangu hapo akawa wa kuvumiliwa tu.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameanza kuangukaanguka. Akitaka kusimama alishika magoti na kujiinua kwa mikono, kama kikongwe. Kwa njia zetu za kupanda na kushuka, ikabidi baba ambebe mgongoni kwenda shule.

Mjomba akaitisha kikao. Akasema ugonjwa huo kwetu haujawahi kuwepo, damu mbovu imeletwa na mgeni. Bibi alikuwepo. Aliwahi kuzika mtoto wake wa kiume aliyeishiwa nguvu za miguu hivyo hivyo, ila ukoo ulishakubaliana kwamba yule alirogwa. Bibi hakumtaja. Mama alilia, hakusikilizwa. Baba aliamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo: aliondoka akiomba radhi. Mimi bintiye nilimsindikiza hadi stendi ya Msamvu, akapanda basi la Dodoma, hatukumwona tena.

Enzi hizo za soko huria hospitali za watu binafsi ziliota mjini kama uyoga. Mama akauza mbuzi, tukampeleka mgonjwa. Mjomba naye alikuja, maana bila yeye hakiamuliwi kitu. Daktari alieleza taratibu kwamba misuli inakufa kidogo kidogo, kwamba kasoro imo kwenye jeni, na mara nyingi mtoto huipata kwa mama ambaye mwenyewe haumwi. Akauliza kama mama alikuwa na kaka aliyekufa hivyo. Mama akasema alikuwa naye. Ng'ambo, daktari akaongeza, wataalamu wanatafuta namna ya kuingiza mwilini jeni iliyo nzima, ila bado.

Mama akamgeukia kaka yake. "Mume wangu mlimfukuzia nini?"

Mjomba akasema twende, tutakosa gari.

Mdogo wangu alilishika lile "bado". Kila nikitoka mjini aliniuliza kama dawa imefika, mpaka kifua kikashindwa kuvuta pumzi. Siku hizi nasoma kwenye simu kwamba tiba hiyo ipo huko ng'ambo, kwa watoto wa wenye nacho, na hata wao haiwaponyi kabisa. Nasoma kwa hasira.

Binti yangu alipovunja ungo, mjomba, sasa mzee wa mkongojo, alinipeleka shambani.

"Hili ni la binti yako," alisema. "Limetoka kwa bibi yako. Halijapitia kwa mgeni yeyote."

"Na ule ugonjwa, mjomba?"

Akainama, akaanza kung'oa magugu kwenye maharage ya binti yangu.