Mtungi wa Bi Zuhura

Bora ningekataa. Siku ile nilipopewa kiberiti ningesema tu, "Hapana, hii ni nyumba ya mama mkwe wangu," wakanifunga wakitaka. Sikusema. Haya nitakayowaeleza yalinipata mwenyewe, mchana kweupe. Sina tena umri wa kutunga uongo. Ule niliokwisha kuusema unanitosha.

Nilioa nyuma ya kijiji cha Mitole, nikahamia kwao mke wangu, Somoe, kama ilivyo desturi. Shamba la mikorosho lilikuwa la wanawake. Bibi yake Somoe alimwachia mama yake Somoe, Bi Zuhura. Naye angemwachia Somoe, kisha binti yetu Fatu. Humo walikamua mabibo wakapata uraka, pombe ya mabibo. Ndiyo, Waislamu sisi. Msimu wa mabibo mwalimu wa madrasa alipitia njia nyingine. Uraka wao ulikuwa na ladha ya peke yake kwa sababu ya mtungi mmoja, ambao haukuoshwa tangu enzi za bibi. Mashapo ya mwaka jana ndiyo yaliyouchachusha uraka wa mwaka huu. Mwanamume hakuugusa.

Na mimi sikuwahi kumtazama Bi Zuhura usoni. Mkwe hatazamwi. Miaka sita nilimwambia "Shikamoo, mama" nikiangalia chini, kwa hiyo nilimjua kwa miguu: kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimempanda mwenzake.

Amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa ilipokuja, nilikuwa na elimu ya kidato cha nne, nikafanywa katibu. Bi Zuhura aliomba asubiriwe mpaka mabibo yaive, ahame na mtungi wake ukiwa na uraka mpya. Siku ya mizigo ya kwanza, yeye na Somoe wakiwa wametangulia, mkubwa wa msafara akanipa kiberiti mbele ya mgambo. "Katibu, nyumba ya mkweo ikibaki, nani mwingine atahama?"

Niliona aibu. Nikawasha nyasi za paa kwa mkono wangu. Mtungi ulipasukia ndani, niliusikia. Jioni nikamwambia Somoe kuwa mgambo ndio waliochoma. Bi Zuhura hakuniuliza kitu. Mvua hazijaisha, akafa.

Msimu uliofuata Somoe hakutaka kukanyaga kule, akanituma nikaokote korosho. Nilifika jua likiwa la utosi. Je, unakijua kimya cha mahali palipokuwa na watu? Mabibo yalikuwa yameanguka na kuoza, hakuna hata kuku wa kuyadonoa. Kisha nikasikia mtu anakohoa.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya majivu ya nyumba, kanga imemfunika miguu, anakamua mabibo kwa mikono. Nikamtazama usoni. Mtu mzima, mcheshi, simjui. Sauti yake imekauka kama ya mtu aliyevuta moshi.

"Karibu, baba. Unaokota korosho za watu?"

"Za mke wangu."

"Ehe! Mwanamume na mali ya mkewe! Kunywa kwanza, usije ukazimia hapa nikakubeba mgongoni."

Akanipa kata ya uraka. Ulikuwa baridi, mtamu wenye ukakasi. Niaminini, nilikuwa mpweke mwaka ule. Kijijini watu walinyamaza nilipopita. Nikakaa, nikapiga naye soga, macho kwa macho.

"Nani alichoma hapa?" akauliza.

"Mgambo."

"Na wewe?"

"Mimi sikuwepo."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Aliposimama kuniongezea, kanga ikapanda kidogo, nikaona kidole kile, juu ya mwenzake.

Niliinama mpaka paji la uso likagusa majivu.

"Sasa ndiyo unainama," akasema. "Umenitazama machoni, mkwe wangu, ukanidanganya. Kamwambie mwanangu."

Nilipoinua kichwa palikuwa na vigae vya mtungi tu, vikavu.

Nyumbani, Somoe alininusa kabla sijaketi. "Uraka wa mama umeunywa wapi?"

Ningeweza kudanganya tena. Nikamweleza yote. Hakulia. Alisema, "Mama aliniambia siku ile ile kuwa unanuka moshi. Nikamkatalia. Nikamwambia mume wangu hawezi. Amekufa hatusemezani, kwa ajili yako."

Alfajiri alimfunga Fatu mgongoni akaenda kwa mjomba wake, kule Likawage. Kwetu watoto ni wa upande wa mama. Ningemfuata nikadai nini? Shamba likamezwa na pori. Mpaka leo mabibo yakiiva napata ladha ile mdomoni, na sijaonja uraka tangu siku ile. Fatu nilimwona mara moja sokoni, mama mtu mzima. Akaniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mzee yeyote, akapita.

Wewe unayesoma, ukimkuta mtu mchana kwenye kiwanja kilichohamwa, mtazame miguu kwanza. Na ukipewa kiberiti, kirudishe. Mimi nilikiwasha, nikampoteza mke wangu, na mtoto wangu wa pekee hanijui.