Machungwa Matano ya Semina

Mwalimu wa taaluma wa shule yetu alinicheka mbele ya walimu wote, na kicheko kile nilikaa nacho muhula mzima.

Nilikuwa mgeni Kinole. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, nyuma ya choo cha walimu, na kila mapumziko ya saa nne nilisimama pale nikisoma kundi la walimu wa hisabati wa mikoa mbalimbali. Sikumjua hata mmoja kwa sura. Ila mtu akiandika kwamba watoto wake hawaelewi kugawanya, kabla kengele haijalia ameshapata majibu. Mimi nilikuwa na Darasa la Nne lisilojua nusu ni nini.

Nikampelekea mwalimu wa taaluma andalio la somo alisaini. Nilipanga kufundisha sehemu kwa machungwa, maana huku mtoto hakosi chungwa. Akaniuliza wazo nimelitoa wapi. Nikasema kweli, tumelijadili kwenye kundi.

"Madam," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, "mwalimu anayefundishwa na simu tumwite nani? Mwanafunzi?"

Wakacheka wote, hata yule niliyeishi naye nyumba moja. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilifundisha somo, nikapiga picha, nikazituma kundini. Wengi wakasifu. Mwalimu mmoja wa Turiani, mama mtu mzima kwa uandishi wake, akauliza: "Mwanangu, umehesabu vipande vya hayo machungwa?" Nikamenya moja palepale. Vilikuwa kumi na kimoja, vingine vinene, vingine vyembamba kama kucha. Na mimi nilikuwa nimewaambia watoto kila chungwa lina vipande kumi, nusu yake vitano! Niliona haya, lakini kule hakuna aliyenicheka. Tulilisuka somo upya, safari hii kwa karatasi inayokunjwa pande sawa, na watoto wakaelewa.

Wiki iliyofuata nilipeleka madaftari ofisini, nikakuta mezani kwa mwalimu wa taaluma andalio langu la machungwa, limenakiliwa neno kwa neno. Juu pameandikwa jina lake, na chini: "Kwa ajili ya semina ya wilaya." Ningeweza kumwambia lina kosa. Nikafunga mlango taratibu, nikatoka.

Kwenye semina, Morogoro mjini, nilikaa mstari wa pili na machungwa matano mkobani. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema ni ubunifu wake wa miaka mingi. Alipomaliza, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, madam."

"Nimekuja na machungwa ya nyumbani. Tunaomba utuoneshe nusu."

La kwanza likatoka vipande kumi. Akagawa vitano kwa vitano, akatabasamu, na mimi jasho likanitoka mgongoni. La pili, kumi na kimoja. Akahesabu mara mbili. La tatu, tisa.

"Nusu ya tisa ni vingapi, mwalimu?" nikauliza kwa upole wote niliojaliwa.

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha ukumbi mzima. Mwezeshaji akamuuliza wazo hilo alilipata wapi hasa. Akanitazama. Alitaka nimwokoe, nililiona machoni mwake. Nikatoa la nne mkobani.

"Kwa huyu madam," akasema mwishowe.

Nikaitwa mbele nifundishe kwa karatasi. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile, ingawa sikumfundishia mtu mwingine yeyote mle ndani ila yeye.

Tuliporudi Kinole alinifuata, mikono nyuma. "Madam, naomba uniunge kwenye lile kundi." Wakati huo nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi. Nikamwambia nitaangalia. Kila asubuhi nililiona ombi lake kwenye simu, na kila asubuhi niliacha likae. Utamu wake siwezi kuusimulia.

Nilimhadithia yule mama wa Turiani, nikitegemea tutacheka pamoja. Akaandika: "Na watoto anaowafundisha, mwanangu, nao walikukosea nini?"

Asubuhi mbili zaidi niliacha ombi likae. Siku ya tatu nikamuunga yule bwana. Kumsamehe, bado.