Shamba Lililozikwa Chini ya Jina la Mkubwa

Anatole ana tai mbili na cheti kimoja. Cheti hicho, cha mafunzo ya siku tatu Bukavu, kimetundikwa juu ya kichwa chake katika ofisi ya shirika letu la amani pale Baraka. Kinasema anajua kutunza wiki, yaani ile maktaba yetu ya kwenye kompyuta inayobeba ripoti za mikutano yote ya mashamba, tangu Swima hadi Kazimia.

Kwa miaka minne ameitunza kwa adabu kubwa. Kila ripoti ameipa kichwa chenye cheo cha mkubwa aliyefungua mkutano. Shamba, mpaka, wagombanaji: hayo ni mambo madogo, hukaa ndani.

Jumanne asubuhi Mama Godelieve alifika kutoka Swima kwa mara ya tatu. Jirani yake Henri, aliyekubali mpaka wa shamba la mama mbele ya mkutano wetu, sasa alikuwa anakana, na chifu alikuwa akate shauri alasiri. Bila ripoti, shamba limekwenda.

Anatole aliandika "Godelieve" kwenye kompyuta, akabonyeza, akakunja mikono.

"Haiko, mama."

"Papa Anatole, mi nilikuwa pale! Ulikula hata samaki yangu!"

"Ordinatere imesema haiko. We unabishana na ordinatere?"

Mama akainamia kioo. "Hapa wameandika 'tafuta vichwa tu'. Na chini yake, 'tafuta maandishi yote'. Sasa?"

"Iyo ni ya bateknisye, mafundi ya ordinatere."

"Basi gonga, ukuwe teknisye."

Akagonga. Ripoti ikatokea papo hapo: "Ziara ya Mheshimiwa Mratibu". Kurasa mbili za salamu, nusu ukurasa wa chakula, kisha mstari mmoja: Henri amekubali, mpaka wake na Godelieve ni kijito.

Miaka minne! Kutoka meza ya pili nilimuuliza ni wangapi aliowaambia "haiko" wakarudi nyumbani kunyang'anywa mashamba. Akanyoosha tai. "Bo hawakusisitiza," akasema.

Alasiri chifu alisomewa ripoti ile, na Henri akakubali tena kijito. Shamba na mihogo yake vilibaki vya mama.

Kesho yake Anatole akaketi kuandika ripoti ya shauri lenyewe. Mama Godelieve, aliyerudi kumshukuru kwa samaki ambao mimi ningempiga nao, akasimama nyuma yake.

"Papa, juu pale weka jina la shamba, benzangu baione."

"Protokoli, mama," akajibu, na akaandika: "Hotuba ya Mheshimiwa Chifu".