Sugu Begani kwa Babu

Nimetumia miaka mingi kuchunguza historia ya miji ya Marekani. Mtaa mmoja wa Chikago naujua nyumba kwa nyumba: nani alioka mikate, wapi walipiga muziki Jumamosi, ngazi ipi ilioza. Mtaa wetu wa Kanyenye, hapa Tabora, siujui hivyo, na kosa ni langu mwenyewe.

Babu aliyenilea alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo akiwa kijana. Kila alipoanza kusimulia safari hizo, sisi wajukuu tulikumbuka kazi za ghafla tukatoweka. Wa kwanza kuinuka nilikuwa mimi.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala nilipopata nafasi ya kusoma Marekani. Mwaka wa tatu barua ikaja: babu amelazwa hospitali ya Kitete, anauliza nitafika lini, ana maneno ya kuniambia. Lakini mtaa wangu ule wa Chikago ulikuwa unabomolewa, na nilikuwa nikiwahoji wazee wake kabla hawajatawanyika. Nikajibu kwamba nikishamaliza na wazee hao nitakuja. Ndivyo nilivyoandika, bila haya.

Meli na garimoshi vilinifikisha siku ya arobaini yake.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani hufanya atakalo; ukinuna, umejiaibisha. Mtani wetu, bibi wa Kizaramo aliyeuza vitumbua pale mtaani, alivaa koti langu, akatwaa daftari langu, akaketi mbele ya kiti kitupu cha babu.

"Shikamoo, mzee," alisema, akiiga sauti yangu ya kisomi. "Ya Bagamoyo niachie. Nieleze habari za Chikago."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, kisha machozi yakanishinda, nikalia mbele ya wote.

Baadaye nilimfuata uani, nikamuuliza kama babu aliwahi kumweleza walilala wapi njiani, walikula nini, nani walimzika huko. Aliacha mzaha, akalivua koti langu, akanirudishia.

"Hayo alikuwekea wewe, mjukuu wangu. Mimi na yeye tulitaniana tu."

Kitabu changu juu ya mtaa ule kimo maktabani huko Marekani. Juu ya njia ya babu nina jambo moja tu: bega lake la kushoto lilikuwa na sugu ngumu. Utotoni nilimsugua mgongo kila Ijumaa, mkono wangu ukaipitia, na sikuuliza.