Msumari wa Shemeji

Wewe, shemeji yako akipigilia msumari mmoja kwenye ukuta wako, tayari amekuoa? Jibu upesi, maana ninawajua watu wenye vyeti na Biblia waliojibu ndiyo bila hata kucheka.

Ninayemzungumzia ni Risper, mjane wa baba yangu mdogo Osewe, hapa Ndhiwa. Alizaliwa Kisegi, kando ya ziwa, kwa hiyo sisi sote humwita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Huuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni. Sauti yake huwafikia wateja walio ng'ambo ya barabara, na mkono wake haujui kunyima konzi ya nyongeza. Osewe alimwachia nyumba ya udongo yenye paa la mabati, na ukuta mmoja unaotazama kule mvua inakotokea. Kila masika ukuta huo humeguka mpaka fito zikaonekana kama mbavu, na kila masika Nyar Kisegi hukanda udongo na samadi akauziba kwa viganja. Hapo hakuna aliyemsumbua. Kukandika ni kazi ya mwanamke.

Balaa ilianza alipokwenda Suna na kuona nyumba kuukuu iliyovalishwa mbao za plastiki, nyeupe kama maziwa, zimepangwa moja juu ya nyingine toka msingi hadi paa. Mvua inapiga, inateleza, inakwenda zake. Alizizunguka kuta zile mpaka mwenye nyumba akamuuliza kama amepoteza kitu. Tangu siku hiyo akawa ananunua mbao zake kidogo kidogo na kuzihifadhi chini ya kitanda.

Wazee wa boma wakasikia. Wakamwambia kwamba nyumba ya mjane haiguswi kwa nyundo kabla hajafanyiwa tero, yaani kabla ndugu wa marehemu hajamrithi. Mwanamume huyo ndiye wa kuianza kazi. Vinginevyo chira, laana ya mvunja mwiko, itamwangukia, yeye na watoto.

"Mimi sijengi," Nyar Kisegi akawajibu. "Ninaivalisha tu. Mtu akivaa sweta amezaliwa upya?"

Nilicheka hadi machozi. Lakini sikuwa na wasiwasi, kwa sababu upande wetu tulikuwa na watu wawili wazito. Wa kwanza ni Levis, mdogo wake Osewe, mwalimu, aliyeshika maikrofoni kwenye mazishi akasema mbele ya ukoo mzima kwamba mke wa ndugu yake si ng'ombe wa kugawanywa. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni kwa ajili ya mazishi hayo, na maneno yake yalinifanya nijivunie jina letu. Wa pili ni Mama Teresa, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye huikemea tero kila Jumapili kama mtu anayefukuza mbwa jikoni.

Fundi alikuwa Fanuel, kutoka mjini Migori. Siku ya kazi, fremu za mbao zilikuwa zimeshasimamishwa ukutani, na Fanuel ameushika ubao wa kwanza, ule wa chini kabisa, Levis alipoingia amevaa gambuti.

"Nyar Kisegi! Shemeji yako nami nishike hata msumari mmoja. Wasije wakasema nilikaa nikala tu."

"Mwalimu, wewe umezoea chaki. Utajipiga kidole," Nyar Kisegi akasema, na sote tukacheka.

"Mwache apige, dada," akasema Mama Teresa, simu tayari mkononi. "Ni baraka. Ngoja niwapige picha. Mwalimu, tazama huku!"

Levis akapiga. Msumari ukaingia. Tukapiga makofi, mimi zaidi ya wote.

Kufikia alasiri ukuta ulikuwa umevikwa wote. Sijapata kumwona Nyar Kisegi akitembea vile, akirudi nyuma na kusogea mbele, akiugusa, akiupangusa vumbi kwa kanga. "Hata Osewe angepotea njia," akasema.

Jua lilikuwa linazama Levis aliporudi, amebeba kiti chake cha kukunja. Akakiweka mlangoni na kuketi.

"Shemeji, unangoja nani?" Nyar Kisegi akamuuliza.

"Naitwaje shemeji kwangu mwenyewe? Niletee maji ya kunawa."

Tulidhani anatania. Akatoa simu, akatuonyesha. Ile picha ya Mama Teresa ilikuwa kwenye kikundi cha ukoo, na chini yake wazee wakipongeza: nyumba imepata mwenyewe, Levis ameianza kazi kwa mkono wake.

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe ulisema yeye si ng'ombe!"

"Nilisema hatagawanywa. Nimemgawanya? Nimemchukua mzima." Akacheka. "Kijana, chuo kimekufundisha kusikia nusu."

Nyar Kisegi hakumtazama. Alimgeukia Fanuel, aliyekuwa anafunga vifaa vyake. "Fundi, ule msumari wake. Utoe."

Fanuel akakuna shingo. "Mama, ule uko chini kabisa. Ubao wa pili umeung'ata wa kwanza, wa tatu umeung'ata wa pili, hivyo hivyo mpaka juu. Kuufikia ni kushusha ukuta wote. Na hizi ukizibandua kwa nguvu zinapasuka."

"Umesikia?" Levis akasema. "Hata plastiki inanijua."

Nikampigia simu Mama Teresa, nikijua atakuja mbio na Biblia yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "mwanamke mwenye ukuta mzuri hivyo bila mwanamume ataleta maneno kanisani. Tulikaa na Mwalimu tukaona hivi ni heri. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka."

Alikuwa anacheka! Kicheko chake kwao kilikuwa ndiyo. Hawa hawakumvizia gizani. Walimjia mchana, kwa mzaha aliouzoea, wakijua kwamba hatamnyima shemeji nyundo. Wazee walau walimwambia usoni wanachotaka.

Nyar Kisegi alipita kando ya kile kiti, akaingia ndani, akafunga kwa komeo. Levis alikaa nje mpaka mbu wakamshinda.

Asubuhi iliyofuata nilisikia nyimbo za kanisa zikija na njia. Nikatoka. Mama Teresa alikuwa mbele, amejitwika unga, na nyuma yake akina mama wenye soda na kuku, wamekuja kumpongeza bibi harusi. Levis alikuwa amesharudi kitini kwake, shati limepigwa pasi.

Nyar Kisegi alikuwa juu ya ngazi, na nyundo aliyoiacha Fanuel mkononi, akishusha mbao kuanzia juu. Kila moja ililia, ikapasuka, ikaanguka. Nilikimbia kumshikia ngazi. Alishuka kipandio kwa kipandio mpaka akapiga magoti kwenye ubao wa mwisho, ule wa msumari wa Levis, akauvuta kwa mikono yote miwili, na bonge la udongo likaporomoka nao.

Fito zikaonekana. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

Mama Teresa, aliyekuwa ameshautua unga wake mlangoni, aliinama, akajitwika tena, akaondoka nao.